Katoni Nne Chini ya Kitanda

Mzee Mwinyimadi alizipokea noti, akazitazama upande mmoja na upande wa pili, kisha akazirudisha mkononi mwa Damiani.

"Mpunga upo," alisema. "Magunia yale pale, unayaona mwenyewe. Lakini kwa pesa siuzi, mwanangu."

Damiani alidhani hakusikia vizuri. Alikuwa ametoka Misugusugu alfajiri kwa baiskeli, akapita Mlandizi, akaingia njia ya mchanga hadi hapa Mzenga, na shati lilikuwa limemganda mgongoni. Kila mwaka, mwezi wa Mei, alikuja kwa mzee huyu kununua gunia moja la mpunga, na kila mwaka walielewana bei kabla chai haijapoa.

"Mzee, nimeongeza. Hii ni karibu mara mbili ya mwaka jana."

"Nimeona, wala sikulaumu. Lakini niambie, nikishaishika nikanunue nini? Duka la kijiji lina rafu tu. Chumvi hamna, mafuta ya taa hamna. Mwaka jana niliuza magunia mawili, pesa nikaifungia sandukuni nikingoja vitu vije. Vilipokuja, magunia yangu mawili yakanunua shuka moja." Mzee alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Safari hii mpunga nimeuacha ukae mpunga. Niletee sabuni. Miche mitano kwa gunia, na utaondoka nalo siku hiyohiyo."

Mkewe, Bi Mwanamkuu, aliyekuwa akipepeta upande wa pili wa ua, aliinua upindo wa khanga yake iliyofifia rangi. "Tunafulia majani ya mpapai, baba," alisema. "Nguo zinaingia chafu, zinatoka kijani."

Damiani alirudi na baiskeli tupu. Njia nzima alikuwa akipiga hesabu. Mche mmoja wa sabuni, kwa bei ya serikali, ulikuwa shilingi ishirini na mbili, lakini bei hiyo iliishia kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani mwa maduka yasiyo na sabuni. Kwa mlango wa nyuma ulipatikana kwa sitini. Hata kwa sitini, miche mitano ilikuwa mia tatu tu, na gunia la mpunga kwa mia tatu halikuwepo popote kutoka Kibaha hadi Dar es Salaam.

Alikuwa na shilingi elfu sita na mia nne. Ndizo alizopewa kiwandani baada ya miaka kumi na mmoja.

*

Kiwanda kilikuwa cha ndoo. Kwa miaka miwili mabati yalikuwa yakija kwa kudonoadonoa, na mwezi wa Aprili mwaka huo wa 1984 hayakuja kabisa. Meneja aliwakusanya wafanyakazi chini ya paa la karakana akawaambia kwamba fedha za kigeni hakuna, na kwamba watu hamsini na wanane watapunguzwa. Fundi mmoja aliuliza kwa nini ndoo isipandishwe bei ili kiwanda kiwe na cha kununulia mabati. Meneja akajibu kwamba bei haipangwi pale. Serikali inataka mwananchi wa kawaida aweze kununua ndoo. "Lakini ndoo zenyewe hazipo," fundi alisema. Meneja aliitazama saa yake. Jina la Damiani lilikuwa la kumi na saba.

Mkewe Yosefina alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mshahara wake ulifika mwisho wa mwezi kama kawaida, namba ileile, na kila mwezi ulikufa siku moja mbili mapema kuliko mwezi uliotangulia. Walikuwa na binti mmoja, Efrazia, wa miaka kumi na mitatu.

Jioni ile Damiani alipomweleza mkewe maneno ya Mzenga, Yosefina alikuwa akisahihisha madaftari.

"Hiyo pesa tuliamua iende Posta," alisema bila kuinua kichwa.

"Posta itafanya nini? Itakaa pale ikipungua."

"Pesa haipungui ikiwa Posta, baba Efrazia. Wanaongeza riba."

"Wanaongeza shilingi, hawaongezi vitu. Mwezi ujao ni bajeti. Kila mtu anasema sembe inaondolewa ruzuku, shilingi inashushwa, sabuni inapanda."

"Redio imesema hivyo?"

"Redio! Redio mwaka jana ilisema bei hazitapanda. Zilipanda au hazikupanda?"

Yosefina aliweka kalamu chini. "Nakuuliza kitu kimoja. Sabuni imeadimika kwa nini? Si kwa sababu kila mwenye shilingi mbili anawaza hivyo unavyowaza wewe?"

"Labda. Lakini nikiacha mimi, wao wataacha?"

Yosefina aliichukua tena kalamu. Aliyarudia madaftari yake, na Damiani akalichukua hilo kuwa ruhusa.

*

Katoni nne zilifika siku ya Alhamisi juu ya mkokoteni, zimefunikwa magunia ya mkaa. Mwenye kuziuza alikuwa mtu wa ghala fulani huko mjini, ambaye hakutaja jina na wala hakuulizwa. Miche mia moja, shilingi elfu sita. Damiani alizisukuma chini ya kitanda, akateremsha shuka hadi sakafuni.

Mwaka uliopita watu walikuwa wamekamatwa kwa kidogo kuliko hicho. Wakati wa ule msako wa wahujumu uchumi, majirani waliokota mitaroni vitenge na betri zilizotupwa usiku na wenyewe. Kwa hiyo Damiani alimkataza Efrazia kuleta wenzake ndani, akaweka kipande cha ubao dirishani. Jambo moja halikuzibika: harufu. Sabuni mpya ilinukia chumbani, ikaingia kwenye nguo, ikakaa hata kwenye ugali. Yosefina alianza kuchoma maganda ya machungwa kwenye jiko la mkaa kila asubuhi.

"Peleka upesi Mzenga tuepukane nayo," alimwambia mumewe.

Damiani alipeleka mitano, akarudi na gunia moja la mpunga, na siku mbili tatu alikuwa mtu mwingine. Aliimba akinyoa ndevu. Lakini hakurudi tena. "Ngoja bajeti ipite," alisema. "Baada ya bajeti miche mitatu itatosha gunia. Kwa nini nitoe mitano?"

"Kwa hiyo sasa umekuwa mfanyabiashara."

"Nimekuwa mtu asiye na kazi, mama Efrazia. Nifanye nini?"

Ilikuwa Jumapili baada ya misa wakati Ursula, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, alipobisha hodi. Mama yake, Bibi Eugenia, alikuwa kitandani kwa mwezi wa tatu sasa, hawezi kuinuka.

"Mwalimu, samahani sana," Ursula alisema akiwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. "Naomba kama mna kipande cha sabuni, hata kidogo kiasi hiki. Mashuka ya mama... najua mwenyewe unajua hali ya mgonjwa. Nimezunguka duka hadi duka. Mgongo umeanza kufanya vidonda."

Yosefina alihisi harufu ikimtoka yeye mwenyewe, nguoni, nyweleni. Nyuma yake, chumbani, Damiani alikohoa mara moja.

"Hatuna, dada," alisema. "Hata sisi tunatafuta."

Ursula alimtazama nguo, akamtazama uso. Hakuna shaka aliisikia harufu. Kisha akasema, "Haya, asante mwalimu," akaondoka, na Yosefina akabaki ameshika kitasa cha mlango mpaka maji ya chai yakakauka jikoni.

*

Wiki iliyofuata alikuja Ndugu Matano, balozi wa nyumba kumi, na daftari chini ya kwapa. Alikuwa mtu mpole, fundi baiskeli, na kazi hii ya leo haikumpendeza. Alikubali kiti, akakataa chai.

"Ndugu Damiani, nimetumwa kuandika watu wasio na kazi. Ni ile Nguvu Kazi. Kila mtu mwenye nguvu lazima awe na kazi inayojulikana, au apelekwe kijijini akalime."

"Mimi nina kazi inayojulikana. Mimi ni fundi wa mashine ya kukunja mabati."

"Kiwanda gani?"

Damiani aliitazama mikono yake.

"Sikuulizi kwa ubaya. Lakini hapa pana sehemu ya kujaza. Nikiandika 'hana kazi', mwisho wa mwezi lori litakuja. Nikiandika 'mfanya biashara ndogondogo', wataomba leseni."

"Waliniondoa kazini wao, halafu wananikamata kwa kutokuwa nayo?"

"Walikuondoa wengine, wanakukamata wengine." Matano alikuna shingo. "Una siku mpaka mwisho wa Juni. Tafuta hata shamba. Una ndugu Kisarawe?"

"Nina rafiki Mzenga."

"Basi." Balozi alifunga daftari bila kuandika kitu, akasimama. Mlangoni alivuta pumzi kwa pua, mara mbili. Alimtazama Yosefina, akatazama chini, akaaga.

*

Bibi Eugenia alifariki Jumatatu asubuhi, siku tatu kabla ya bajeti.

Saa nne ua wa Ursula ulikuwa umejaa. Wanaume walikuwa wakipasua kuni na kuulizana habari za jeneza. Wanawake walikuwa wamechemsha maji. Bi Mwanahalima, mwanamke wa Kisarawe aliyekuwa ameolewa pale Misugusugu tangu ujana wake, ndiye aliyeijua kazi ya kuosha maiti, na aliitwa hata na Wakristo. Alitoka chumbani amekunja mikono ya gauni.

"Maji ninayo," alisema. "Sabuni iko wapi?"

Wanawake walitazamana. Mmoja alisema alikuwa na kipande wiki iliyopita. Mwingine akamtuma mtu dukani, ingawa wote walijua jibu la dukani. Mtu huyo alirudi, mikono mitupu. Mwingine akasema kwa sauti ya chini kwamba wengine wanatumia majani ya mpapai.

"Majani ya mpapai!" Ursula alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha. Hakulia, alizungumza kwa sauti ya kawaida kabisa, na ndiyo iliyowaumiza. "Mama yangu alifua nguo za watu wa misheni miaka thelathini. Leo aoshwe kwa majani."

Yosefina alikuwa karibu na mlango, ameshika beseni. Aliweka beseni chini. Akavuka ua, akapita katikati ya wanaume, akaingia kwake. Damiani alimwona. Alijua kabla hajafika mlangoni.

"Usifanye hivyo," alimwambia chumbani, amemfuata nyuma. "Mama Efrazia, nakuomba. Toa pesa, toa mpunga, toa chochote. Ukitoka na sabuni wataingia wote humu."

"Alikuja akaomba kipande," Yosefina alisema. Alikuwa amepiga magoti, anavuta katoni. "Kipande, Damiani. Kiasi cha kidole." Kwa miaka kumi na minne hakuwa amewahi kumwita jina lake hivyo. "Nikamwambia hatuna, na mimi ninanuka sabuni mpaka mdomoni."

"Ile pesa ni yetu yote!"

"Najua."

Alitoka na miche miwili mizima, mipya, ya njano, akiwa ameishika mbele yake mchana kweupe. Hakuificha chini ya khanga. Ua wote uligeuka kutazama. Hata shoka la kuni lilisimama. Bi Mwanahalima aliipokea, akaigeuza, akamtazama Yosefina kwa macho ambayo hayakuwa na hasira wala shukrani, akaingia nayo ndani. Ursula hakuinua uso.

Walimzika Bibi Eugenia saa kumi. Kwenye kaburi watu waliacha nafasi ndogo kuwazunguka Damiani na mkewe, kama ile inayoachwa kwa mtu aliyelowa.

*

Kesho yake, saa mbili asubuhi, balozi Matano alikuja na watu wawili, na nyuma yao mtaa mzima.

"Ndugu, ziko ngapi?" aliuliza.

"Katoni nne. Imebaki miche tisini na mitatu."

"Nina mambo mawili," Matano alisema, akijitahidi sauti yake iwe rasmi. "La kwanza, niandike barua nipeleke tawi la chama, na tawi lipeleke polisi. La pili, sabuni hii iuzwe hapahapa, sasa hivi, kwa bei ya serikali, kila nyumba isizidi miche miwili. Mimi sijui kuandika barua vizuri. Chagua."

"Niliinunua sitini, balozi. Wewe unanitaka niuze ishirini na mbili."

"Aliyekuuzia sitini yuko wapi tumkamate?"

Hasira iliyokuwa imekaa kifuani mwa Damiani tangu Aprili ikamtoka. "Nimeua mtu? Nimeiba? Nilipewa karatasi kwa miaka yangu kumi na mmoja, nikaogopa isije ikaoza mkononi. Ndilo kosa langu! Mimi ndiye niliyepandisha bei ya sabuni Tanzania? Mtu mmoja na katoni nne?"

"Ulipoulizwa ulikuwa nayo au hukuwa nayo?" mwanamke mmoja alipaza sauti kutoka nyuma.

"Mtu mmoja," Matano alisema taratibu. "Mtaa huu una watu mmojammoja wangapi, Ndugu Damiani?"

Walitoa meza nje. Damiani aliuza mwenyewe, kwa sababu Matano alisema lazima iwe hivyo. Kila mche ulipopita mkononi mwake alijua umepotea na shilingi thelathini na nane. Watu walilipa bila kumtazama usoni. Wengine walituma watoto warudi mara ya pili kwa jina la nyumba nyingine. Matano mwenyewe alichukua miwili, na baadaye kidogo, mkewe akaja akachukua miwili. Efrazia alikuwa dirishani, amesimama nyuma ya ule ubao, na wenzake wa darasani walikuwa kwenye foleni.

Ursula hakuja. Yosefina alimpelekea mche mmoja alioulipia mezani kama wengine, akaukuta asubuhi iliyofuata umewekwa juu ya kizingiti chake, umefungwa kwa jani la mgomba.

Jumla ilikuwa shilingi elfu mbili na arobaini na sita.

*

Bajeti ilisomwa Alhamisi. Watu walisikiliza kwenye redio ya muuza kahawa, na waliokosa nafasi waliambiwa na waliosimama mbele. Shilingi imeshushwa. Ruzuku ya sembe imeondolewa. Mkulima ataongezewa bei, mshahara utaongezwa kidogo, viwanda vitapata mabati siku zijazo. Kabla taarifa haijamalizika, muuza kahawa alikuwa ameongeza bei ya kikombe.

Wiki ileile sabuni ikafika themanini. Miche iliyonunuliwa mezani kwa Damiani kwa ishirini na mbili haikuonekana kwenye kamba za kuanikia nguo. Ilikuwa imelala chini ya vitanda vya watu, na mwisho wa mwezi Damiani alisikia kwamba mzigo mdogo wa sabuni umeonekana Mzenga, umebebwa kwa baiskeli na mke wa mtu. Hakuuliza mke wa nani. Alitaka kumwambia Yosefina, "Unaona? Nilisema," akafungua mdomo, akaona jinsi mkewe alivyokuwa akichagua mawe kwenye mchele wa lile gunia moja, akaufunga.

Hakungoja lori. Tarehe ishirini na nane alifunga godoro dogo nyuma ya baiskeli, akaweka panga na jembe, akaenda Mzenga. Mzee Mwinyimadi alimpokea kwenye ua uleule.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na nini leo?"

"Mikono."

Mzee aliitazama mikono yenyewe, mikono ya fundi, yenye makovu ya bati. Akamwonyesha bonde. Walipatana kwamba Damiani atalima siku nne kwa mzee na siku mbili kwenye kipande atakachopewa, na ujira wake utakuwa debe la mpunga kila mwezi, si shilingi. Mwezi wa Julai alipata kadi yenye mhuri iliyomtambulisha kuwa mkulima. Jumamosi usiku alirudi Misugusugu, Jumapili baada ya misa akaondoka. Viganja vyake vilichubuka, vikapona, vikawa vigumu kwa namna nyingine. Mara moja alipita mbele ya kiwanda. Lango lilikuwa limefungwa kwa mnyororo, na mlinzi alikuwa ameketi ndani akilinda.

Kuhusu Ursula, salamu zilirudi mwezi wa Agosti. Zilirudi fupi: "Mwalimu." "Dada." Hazikupita hapo.

*

Shule ilipofunguliwa, Yosefina alifundisha hisabati darasa la nne. Kitabu kilikuwa kimoja kwa watoto wanane, kwa hiyo aliandika swali ubaoni kama lilivyokuwa kitabuni: mama alinunua kilo tatu za unga, kila kilo kwa shilingi mbili na senti hamsini, je, alilipa shilingi ngapi?

Kicheko kilianza nyuma, kikaja mbele.

"Nini kinawachekesha?"

Msichana mmoja wa dawati la tatu alisimama. "Mwalimu, hiyo bei ni ya wapi?"

"Ni ya kitabuni, Benedikta. Piga hesabu."

"Sisi tunanunua nane," mmoja alisema.

"Sisi kumi!"

"Mama amesema Jumatatu itakuwa kumi na mbili."

"Nani kamwambia mama yako?" Yosefina aliuliza, kwa ukali kuliko alivyokusudia.

Mtoto alishangaa kuulizwa. "Watu wote, mwalimu. Ndiyo maana baba amenunua ya mwezi mzima."

Yosefina aligeukia ubao, akaifuta ile shilingi mbili na senti hamsini kwa kiganja, akabaki ameinua chaki mbele ya nafasi iliyo wazi. Nje kengele ya shule jirani ililia.

"Haya," alisema mwishowe. "Andikeni bei ya leo."

Benedikta alikuwa bado amesimama, penseli mkononi, uso wake wa dhati kabisa.

"Ya leo asubuhi, mwalimu, au ya leo jioni?"